Tusiache Michezo Yetu Ifie Daftarini

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika kutembelea matawi, sisi tunaofanya kazi ya chama upande huu wa Kamwokya tumeona jambo moja ambalo halimo katika ajenda ya mikutano yetu, nasi tunaona lafaa liingizwe. Vijana wetu wanaandika michezo ya kuigiza. Wanaandika katika madaftari ya shule, nyuma ya karatasi za mishahara, na wengine katika simu zao. Mmoja anakaa kwenye cherehani katika kiwanda cha nguo, mwingine anapakia magunia, mwingine anachuma chai na huja mjini mwisho wa mwezi. Ukiwaomba wakusomee, utasikia habari za nyapara, za mkopo usiokwisha, za mwenye nyumba anayefunga mlango kwa kufuli lake, za mume anayepotea kila siku ya mshahara. Ukiwauliza mchezo huo umeonyeshwa wapi, watajibu: bado. Na hiyo "bado" ina miaka mitatu au minne.

Hoja yetu ni hii. Mwandishi mpya wa michezo hakosi akili wala maneno. Anakosa chumba, anakosa muda, na anakosa watu wa kumsikiliza. Vitu hivyo vitatu chama cha wafanyakazi kinavyo. Kwa hiyo hapana sababu ya kungoja mfadhili atoke ng'ambo ndipo mtoto wa mfanyakazi asikike na wafanyakazi.

Tueleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi hudhani mchezo huandikwa mara moja ukaisha. Sivyo. Mwandishi akishaandika, watu sita au saba hukaa wakausoma kwa sauti, kila mmoja na sehemu yake. Hapo ndipo mwandishi husikia kwamba maneno yaliyopendeza kwenye karatasi ni mazito mdomoni, kwamba baba anasema mno na mama hasemi kitu, kwamba onyesho la tatu lilipaswa kuwa la kwanza. Anarudi nyumbani, anaandika upya. Watu wanausoma tena. Kisha wanasimama, karatasi mkononi, wakajaribu kuingia na kutoka, na hapo huonekana kwamba mtu hawezi kwenda Jinja na kurudi wakati mwenziwe anakunywa kikombe kimoja cha chai. Anaandika tena. Wenzetu wa cherehani wanaijua kazi hii. Nguo hukatwa, hupigwa bandi, hupimwa mwilini, hufumuliwa, ndipo hushonwa. Fundi asiye na mwili wa kupimia atashona gunia. Ndivyo alivyo mwandishi asiye na wasomaji na waigizaji: anashona gizani, kisha tunamcheka kwamba nguo haimkai mtu.

Hatusemi kwamba Kampala hakuna kitu. Jumba la Taifa la Michezo lilifunguliwa mwaka 1959, na kutoka Kamwokya mtu hulifikia kwa miguu. Mwaka 2014 lilianzishwa Tamasha la Kimataifa la Michezo ya Kuigiza la Kampala, kwa ushirikiano wa taasisi ya Sundance ya Marekani na Bayimba ya hapa kwetu, nalo limewapa nafasi waandishi wapya wa Afrika Mashariki kusomewa na kuonyeshewa kazi zao. Judith Adong aliuonyesha mchezo wake Silent Voices, unaohusu watu walioumizwa na vita vya kaskazini, katika Jumba la Taifa mwaka 2012. Mwaka huo huo Angella Emurwon alishinda katika shindano la BBC la michezo ya redio. Hawa ni watu wa nchi hii, na tunawapongeza kwa moyo mmoja.

Lakini tuutazame mlango wenyewe. Mara nyingi tangazo hutoka kwa Kiingereza. Fomu hujazwa kwa intaneti, na bando hununuliwa. Mwombaji huulizwa amesoma wapi na ameshaonyesha nini. Akichaguliwa, hutakiwa akae kambini siku kadhaa au wiki kadhaa. Kibarua anayelipwa kwa siku atapata wapi wiki kadhaa? Anayefanya zamu ya usiku atafika mazoezini saa ngapi? Na yule anayeandika kwa Luganda, kwa Lusoga, kwa Lugbara, au kwa Kiswahili hiki tunachosemeshana mashambani, atamtafuta nani wa kumtafsiria? Kodi ya ukumbi wa usiku mmoja nayo si pesa ya mshona nguo. Mlango haukufungwa kwa kufuli, hilo ni kweli, lakini kizingiti kimeinuliwa mpaka kifuani.

Akishindwa hapo, kijana huwa amebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni vichekesho vya usiku. Hatuvidharau. Mtu aliyesimama saa kumi mbele ya mashine ana haki ya kucheka. Ila mwenye ukumbi anataka kicheko kila dakika, na mwandishi akileta habari ya mtoto aliyekatwa kidole na mashine, huambiwa watu hawakuja kulia. Njia ya pili ni michezo ya miradi. Shirika huja na ujumbe wake tayari: noeni mikono, pimeni damu, wekeni akiba. Hiyo nayo ina faida yake, kwani watu wengi nchini walijifunza kujikinga na UKIMWI kwa michezo ya namna hiyo. Lakini mwandishi aliyepewa jibu kabla hajauliza swali hujifunza kutii tu. Mradi ukiisha, na kikundi huisha.

Na asituambie mtu kwamba wafanyakazi hawapendi hadithi ndefu. Pitieni vibanda vya video jioni. Watu wamejaa kwenye mabenchi, wanatazama filamu ya Marekani au ya India, na VJ anawafasiria kwa Luganda, anaongeza utani wake, anawapa majambazi majina ya mtaani. Wamelipa kiingilio kwa pesa yao wenyewe ili wasikilize hadithi kwa lugha yao kwa muda wa saa mbili. Njaa ya hadithi ipo. Kinachokosekana ni hadithi iliyopikwa hapa.

Tena jambo hili si geni katika nchi yetu. Wycliffe Kiyingi alianzisha chama chake cha wasanii Waafrika mwaka 1954, kabla hata Jumba la Taifa halijafunguliwa. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza kupanda gari na kuzunguka miji na vijiji na michezo yao, bila kudai kiingilio, wakaigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za watu, Kiswahili kimojawapo. Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Jumba la Taifa, aliandika kwa Luganda na watu wakajaza viti. Mapema mwaka 1977, baada ya mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kupelekwa kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika huko Lagos, alikamatwa na watu wa serikali ya Amin akauawa. Serikali haimuui mtu kwa ajili ya jambo la mchezomchezo. Waliomuua walijua uzito wa neno linalosemwa mbele ya watu waliokaa pamoja.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi wa viwandani na mashambani uko ng'ambo ya mpaka, Limuru nchini Kenya, na mwanzo wake umepitia hapa hapa Kampala. Mwaka 1962, wakati wa sherehe za Uhuru wa Uganda, mwanafunzi wa Makerere aliyetoka Limuru alionyesha mchezo wake wa Kiingereza, The Black Hermit, katika Jumba letu la Taifa. Mwanafunzi huyo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Kampala ndiyo iliyompa jukwaa alipokuwa hajulikani.

Miaka kumi na mitano baadaye, wanakijiji wa Kamiriithu walimpa jukwaa la namna nyingine. Wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na watu wasio na kazi. Yeye na Ngũgĩ wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambao baadaye ulitoka kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Waandishi hawakuuleta kama amri. Waliusoma mbele ya watu, na watu wakausahihisha. Waliofanya kazi kiwandani walisema mshahara hauendi hivyo, wazee walisema kiapo hakikuliwa hivyo, wengine wakafundisha nyimbo. Mazoezi yalipangwa mwisho wa juma, ili mtu asipoteze kazi yake. Jukwaa walilijenga kwa mikono yao, peupe, lenye nafasi ya watu kama 2,000. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba serikali ikauzuia, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 wakazuiwa tena na mchezo mwingine, na polisi wakaja kulibomoa jukwaa.

Wengine wakisikia habari hiyo husema: mnaona, michezo huleta balaa. Sisi twaona somo jingine. Watu wa Kamiriithu walikuwa maskini kama sisi. Hawakuwa na taa za rangi wala mapazia. Walikuwa na wikendi, uwanja, na masikio yao, na kazi iliyotoka hapo inasomwa duniani mpaka leo.

Na kama mtu anauliza chama cha wafanyakazi kinahusikaje na sanaa, atazame Tanzania. Chama cha NUTA kilianzisha bendi yake mwaka 1964, NUTA Jazz, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama. Chama kimebadilika jina mara kadhaa, lakini bendi ile bado twaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Huko Durban, Afrika Kusini, mwaka 1983, wafanyakazi wa kiwanda cha matairi cha Dunlop walitunga na kuigiza mchezo wao wenyewe juu ya maisha ya kiwandani, chini ya chama chao, wakati wa ubaguzi wa rangi. Ikiwa watu wa Durban waliweza wakati ule, sisi tunashindwa na nini?

Tunajua majibu mawili yatakayotolewa, na tuyajibu mapema.

La kwanza ni pesa. Watasema michango inayokatwa kwenye mishahara ni ya kesi na mikataba. Ni kweli, na isiguswe kwa anasa. Lakini hatuombi kujenga jumba. Chumba cha mkutano cha chama, Jumapili mchana, hukaa kimetiwa kufuli. Viti vipo. Karatasi za kutoa nakala, birika la chai, na nauli ya waigizaji watano wanaotoka mbali, hivyo ndivyo tunavyoomba. Tawi linaloweza kugharamia chakula cha mgeni mmoja wa heshima linaweza kugharamia usomaji wa mchezo mmoja.

La pili ni woga wa serikali. Ni kweli kuna sheria. Sheria ya michezo ya jukwaani na burudani ni ya mwaka 1943, tuliachiwa na Mwingereza. Mwaka 2012 mtayarishaji mmoja alikamatwa hapa Kampala kwa kuonyesha mchezo bila idhini ya Baraza la Vyombo vya Habari. Basi tufanye kama tunavyofanya katika mgogoro wa kazi: tusome sheria, tuombe kibali mapema na kwa maandishi, tuweke nakala. Na tutofautishe mambo. Watu saba waliokaa mezani wakisomeana daftari hawajafungua ukumbi wa burudani. Hapo pa mezani ndipo mwandishi anapohitaji msaada wetu zaidi.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe, ambalo halisemwi kwa sauti. Woga ulio mkubwa zaidi si wa serikali. Ni woga wetu sisi viongozi.

Upo mchezo mmoja, umeandikwa na binti wa kiwandani anayeishi mtaa huu wa Kamwokya. Unahusu katibu wa tawi ambaye kila mkutano hunguruma kama simba, na kila mwisho wa mwezi hupita mlango wa nyuma wa ofisi ya meneja, akatoka na mfuko wa sukari. Wafanyakazi wanajua. Mke wake anajua. Sukari yenyewe inanywewa katika chai ya mkutano. Mchezo huo uliposomwa mbele ya wachache wetu, watu walicheka mpaka machozi, kisha wakanyamaza kabisa katika onyesho la mwisho, pale mke anapokataa kutia sukari katika kikombe cha mtoto. Ukimya ule hatujawahi kuupata kwa hotuba yoyote. Baadaye ndugu mmoja mwenye cheo alisimama akasema mchezo huu unakipaka chama matope, usipewe chumba chetu.

Twamheshimu ndugu huyo kwa kazi yake ya miaka mingi, lakini katika hili hatukubaliani naye hata kidogo. Kama hakuna katibu anayepokea sukari, mchezo hautamdhuru mtu. Kama yupo, basi matope yalikuwapo kabla ya mchezo, na binti amewasha taa tu. Tunamdai mwajiri awape wafanyakazi uhuru wa kusema. Tutamdaije kitu tunachomnyima binti wetu katika chumba tunachokilipia kwa michango yake? Chama kikisaidia michezo inayokisifu tu, kitakuwa sawa na lile shirika linalokuja na ujumbe wake tayari, tena kibaya zaidi, kwa kuwa shirika halikuchaguliwa na wanachama.

Hatusemi kila kinachoandikwa ni kizuri. Michezo mingi ya mwanzo itakuwa mibovu, na hiyo ndiyo maana ya kuisoma mezani. Wala hatusemi mtu atukanwe kwa jina lake. Tunasema uamuzi wa kwamba mchezo ni mzuri au mbaya ufanywe na waliousikia, baada ya kuusikia.

Kwa hiyo tunapendekeza haya yafikishwe katika mikutano ya matawi.

Kwanza, Jumapili moja katika kila mwezi, chumba cha chama kiwe cha kusoma michezo mipya. Saa ipangwe baada ya ibada, na isigongane na zamu. Ndugu zetu Waislamu na wanaofanya kazi Jumapili waulizwe siku gani inawafaa.

Pili, lugha isiwe kizuizi. Mtu aandike kwa lugha anayoiotea ndoto. Katika mashamba ya miwa na chai, ambako watu wametoka West Nile, Kigezi, Rwanda na Kongo, Kiswahili chatosha kutuunganisha. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 alionyesha kwamba lugha hii inaweza kubeba jambo zito jukwaani.

Tatu, mwandishi abaki mwenye kazi yake. Kumpa chumba na chai si kununua mchezo wake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda, na chama kimsaidie kuandika jina na tarehe, na kusoma mkataba wowote kabla hajatia sahihi, kama kinavyowasaidia wengine mikataba ya kazi.

Nne, mchezo uliopikwa ukaiva upelekwe mbele: kwanza kwenye matawi, kisha mashambani siku ya Mei Mosi, badala ya hotuba ya tano. Na hapo ndipo chama kiusindikize kwenye tamasha na kwenye Jumba la Taifa, kikijaza fomu pamoja na mwandishi. Mwandishi ataingia mlango ule akiwa na watu nyuma yake.

Tano, kamati ya tawi isiwe na mamlaka ya kuzuia usomaji kwa sababu umewasema viongozi.

Mambo ya kuandikwa hayatakosekana. Kima cha chini cha mshahara katika nchi hii kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Pesa hiyo leo haiwezi kulisha nyumba hata siku moja. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya, na Rais akakataa kuutia sahihi. Tumeandika barua, tumefanya semina, tumetoa matamko. Haya yote ni kazi ya lazima. Lakini mchuma chai hasomi tamko. Mpe mchezo wa mtu mmoja anayeingia sokoni Kamwokya na shilingi 6,000 mkononi, akitaka kununua chakula cha mwezi mzima, uone kama ataondoka bila kuuliza swali.

Kamwokya yetu imezoea kutoa sauti. Wanamuziki waliokulia katika vichochoro hivi walisikika mpaka nchi za mbali, na wengi wao hawakuanza na studio nzuri. Waandishi wa michezo nao wapo, tunapanga nao foleni ya maji.

Katika mkutano ujao wa tawi, mwanachama yeyote aombe jambo hili liwekwe katika ajenda. Mwenye daftari aje nalo. Asiye na daftari aje na masikio. Na funguo za chumba, ndugu makatibu, zitolewe mfukoni.

Mshikamano daima.